Hija ya Namugongo siku isiyo ya sikukuu: anzieni Munyonyo

Nimefika Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda kwa ajili ya tarehe 3 Juni, sikukuu yao, nikiwa ndani ya basi lililojaa mahujaji wa parokia mbalimbali za Kanda ya Ziwa, na mara ya pili nilikwenda na rafiki zangu watatu katika juma la kawaida, tukaingia asubuhi wakati umande haujakauka kwenye nyasi. Naandika kwa ajili ya Mkatoliki anayejiuliza kama safari ile inastahili nauli, likizo na uchovu wake. Kwa maoni yangu inastahili kabisa, lakini kwa sharti moja ambalo mara ya kwanza sikulijua: hija hii isianzie Namugongo. Ianzie Munyonyo, mahali mashahidi wale, wengi wao vijana wahudumu wa ikulu ya Buganda, walipohukumiwa kwa ajili ya imani, ndipo iende mahali walipochomwa moto, kwa sababu anayeshuka moja kwa moja kwenye lango la basilika anakutana na mwisho wa habari ambayo hajaisikia mwanzo wake.

Safari hii tulikuwa wanne. Alikuwapo dada mmoja ninayeimba naye kwaya, kijana wa VIWAWA, umoja wa vijana Wakatoliki, ambaye ni fundi umeme, na mama mmoja mwalimu mstaafu aliyetufundisha katekisimu sote watatu na ambaye mpaka leo tunamwita Mwalimu. Tulitoka Mwanza kwa meli ya usiku, tukaamkia Bukoba, tukapanda gari la kwenda Mutukula, na kutoka hapo tukachukua basi linalopita Kyotera na Masaka hadi Kampala. Mutukula pana kituo cha pamoja cha mpakani, kwa hiyo maofisa wa nchi zote mbili mnawakuta mahali pamoja. Mtanzania asije akadhani kwamba kitambulisho cha taifa kitamvusha: abebe pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kadi hiyo aishughulikie mapema nyumbani badala ya kuanza kuhangaika nayo akiwa kwenye foleni. Fedha tulibadilisha hapo hapo mpakani, tukazihesabu mbele ya aliyetubadilishia kabla ya kuondoka dirishani.

Kuna jambo ambalo mtu wa Mwanza au Bukoba hulihisi njiani kuliko mtu mwingine yeyote. Mapadre wa kwanza waliofika Buganda, Wamisionari wa Afrika ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walivuka ziwa wakitokea upande huu wetu wa kusini. Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimpa jina la Mapeera, alitua Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879 pamoja na Bruda Amans. Mambo yalipowawia magumu mwaka 1882 waliondoka Buganda wakarudi kusini mwa ziwa, upande wa Bukumbi karibu na Mwanza, na hawakurejea hadi mwaka 1885. Katika miaka hiyo waumini wachanga wa Buganda walibaki bila padre hata mmoja, wakifundishana wao kwa wao na kubatizana katika hatari ya kifo, na imani ikaongezeka. Mwalimu alitusimulia haya tukiwa melini, nasi tukapata cha kutafakari usiku ule tukiwa juu ya maji yale yale.

Munyonyo ipo kusini mwa Kampala, katika eneo la Makindye, juu ya mwinuko usio mbali na ziwa. Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, alikuwa na ikulu yake hapo, na hapo ndipo tarehe 25 Mei 1886 aliporudi kutoka kwenye uwindaji wa viboko akiwa na hasira, akamkamata kijana Dionisi Ssebuggwawo kwa kosa la kumfundisha dini mwenzake, akamjeruhi kwa mkuki. Usiku huo, Karoli Lwanga, aliyekuwa kiongozi wa vijana wahudumu wa ikulu, akijua kwamba asubuhi haitakuwa na huruma, aliwabatiza wakatekumeni wanne waliokuwa hawajapata sakramenti hiyo: Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Tarehe 26 vijana wakaitwa barazani, wanaosali wakaamriwa kusimama upande wao, nao wakasimama.

Sisi tulikaa Munyonyo karibu saa tatu, na ningependa tungekaa zaidi. Kituo hiki kinatunzwa na Wafransisko Wakonventuali, kina kanisa jipya, na mahali pa mauaji ya Ssebuggwawo na ya Andrea Kaggwa pamewekewa alama ili hujaji asimame na kusali. Kaggwa ndiye aliyenishika zaidi. Alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, mtu wa familia na mwalimu wa dini mwenye bidii, na Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka, alimchukia kiasi cha kusema kwamba hatakula chakula mpaka aletewe mkono wake. Wauaji wakaukata mkono huo kwanza, wakaupeleka, kisha wakamkata kichwa. Tulisoma habari hiyo kwa Kiswahili, kwa sauti, kutoka kwenye karatasi tulizochapisha nyumbani, na dada wa kwaya, ambaye ni mpiga ngoma wetu katika misa ya pili, alishindwa kumaliza aya yake akanipa karatasi nimalizie. Papa Fransisko alifika Munyonyo tarehe 27 Novemba 2015 akazungumza na makatekista na walimu, na naona pamechaguliwa vizuri, kwa sababu Kaggwa aliuawa kwa kazi hiyo hiyo ya kufundisha.

Jambo ninalolisifu zaidi Munyonyo ni utulivu. Hakuna anayekuharakisha. Ukipiga magoti dakika 20 utaachwa dakika 20, na waliokuja kwa ajili ya kitubio hukaa kando wakijiandaa kimya kimya. Kwa kundi dogo la marafiki, nafasi ya namna hiyo ina thamani kubwa, kwa maana katika hija nyingi tunazozijua nyumbani ratiba ya kipaza sauti humaliza siku kabla mtu hajasali sala yake mwenyewe.

Malazi ndiyo yaliyotuangusha. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa simu katika nyumba moja ya wageni tukatanguliza sehemu ya malipo, na tulipofika jioni tukaambiwa kimebaki chumba kimoja, tena maji ya bombani hayakuwa yakitoka tangu asubuhi. Mwalimu na dada walilala kwenye kitanda, mimi na kijana tukalala kwenye magodoro sebuleni, na fedha tuliyotanguliza kwa ajili ya chumba cha pili hatukurudishiwa yote. Ninalokushauri ni hili: usitangulize fedha kwa mtu uliyempata kupitia rafiki wa rafiki, mwombe paroko wako awaandikie barua ya utambulisho, kisha uulizie malazi katika nyumba za watawa au vituo vya kanisa kabla ya safari.

Asubuhi ya pili tulikwenda Namugongo. Pako kaskazini mashariki mwa Kampala, kilomita kama 15 kutoka katikati ya jiji, katika Wilaya ya Wakiso, na daladala za huko, ambazo wenyewe huziita teksi, hupitia Kireka na Kyaliwajjala. Njiani Mwalimu alitukumbusha kwamba vijana walitembea njia yao wakiwa wamefungwa kamba, na kwamba Padre Lourdel alikuwapo Munyonyo siku ile akawaona wakipitishwa mbele yake bila kuruhusiwa kuwasaidia. Wengine waliuawa njiani. Ponsiano Ngondwe alichomwa mkuki siku ile ile ya tarehe 26, na siku iliyofuata wakauawa Athanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza. Waliobaki walifika Namugongo wakafungwa juma zima, huku kuni zikikusanywa. Siku ya moto, tarehe 3 Juni 1886, ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana.

Basilika lenyewe unaliona kwa mbali likiwa na umbo la msonge, nyumba ya asili ya Waganda, na mtu wa Kagera aliyewahi kuona msonge wa Kihaya atalitambua umbo hilo mara moja. Lilibuniwa na msanifu Mswisi Justus Dahinden na kutabarukiwa mwaka 1975. Nguzo zake ni 22, idadi ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Papa huyo huyo alikuja Namugongo mwenyewe mwaka 1969, katika ziara ya kwanza ya Papa kufanyika Afrika katika nyakati hizi. Ndani ni duara, mwanga unashuka kutoka juu, na macho yote yanavutwa altareni, kwa sababu kanisa limejengwa mahali Karoli Lwanga alipochomwa, na masalia yake yametunzwa hapo.

Lwanga alitengwa na wenzake. Senkoole, mtunzaji wa moto wa jadi, alimchagua awe wake, akamchoma taratibu kuanzia miguuni. Masimulizi yaliyohifadhiwa na Kanisa la Uganda yanaeleza kwamba Lwanga alimwambia kuwa moto ule ni kama maji anayomwagiwa, na kwamba mwishoni aliita jina la Mungu kwa Kiganda, Katonda. Tulipokuwa pale, mama mmoja mfagiaji alikuwa akisafisha sakafu kwa kitambaa chenye maji. Alipofika karibu na altare aliweka ndoo chini, akakunja kitambaa akakiweka ukingoni mwa ndoo, akapiga goti moja, akakaa hivyo kwa muda, kisha akaendelea na kazi kwa kupiga deki sehemu ile kwa mkono badala ya ufagio wa kusukuma. Hakuwa anamwonyesha mtu yeyote; tulikuwa nyuma yake. Mwalimu alivua viatu vyake akavibeba mkononi, nasi tukafanya hivyo hivyo bila kuulizana.

Nje kuna ziwa dogo lililochimbwa, na katikati yake jukwaa lenye paa ambalo hutumika kwa Misa kubwa ya tarehe 3 Juni. Papa Fransisko aliadhimisha Misa katika viwanja hivi tarehe 28 Novemba 2015. Mahujaji huteka maji ya ziwa hilo kwenda nayo nyumbani, kwa hiyo mkumbuke vidumu vyenye vifuniko vinavyokaza sawasawa. Karibu nasi aliinama bibi mmoja mwenye kidumu cha lita 5 kilichopoteza kifuniko. Alikijaza, akachukua kipande cha mfuko wa plastiki, akakifunika mdomoni na kukikaza kwa kamba ya mgomba aliyokuwa ameitoa mfukoni, ishara kwamba alitoka nyumbani akijua kifuniko hakipo. Kijana wetu alimpa kifuniko cha chupa yake ya akiba lakini hakikuenea, wakacheka, wakaagana kwa ishara ya msalaba kwa kuwa hawakuwa na lugha ya pamoja.

Kuhusu lugha, lugha za huko ni Kiganda na Kiingereza, na Kiswahili utakipata kwa mtu mmoja mmoja, hasa askari, madereva na wafanyabiashara. Kundi linalotaka kusali kwa Kiswahili libebe vitabu vyake: litania ya mashahidi, nyimbo, Njia ya Msalaba na maisha ya watakatifu wenyewe. Sisi tulikaa chini ya mti tukagawana majina 22, kila mmoja akasoma habari za watano au sita, na zoezi hilo peke yake lilitufaa kuliko maelezo yoyote ya haraka. Hapo ndipo wenzangu walipogundua kwamba waliokufa tarehe 3 Juni hapa Namugongo ni 13 tu kati ya hao 22. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mshauri wa ikulu aliyethubutu kumkemea Kabaka, aliuawa Novemba 1885. Mathia Mulumba alikatwa viungo na kuachwa afe polepole Kampala ya zamani. Noa Mawaggali aliuawa Mityana, na wa mwisho, Yohane Maria Muzeyi, aliuawa Januari 1887. Kila mmoja ana mahali pake, na yeyote mwenye siku za kutosha anaweza kuyatafuta.

Naomba pia, tena kwa msisitizo, kwamba hujaji Mkatoliki asiondoke bila kwenda kwenye eneo la Waanglikana, mwendo mfupi sana kwa bodaboda. Wengi wetu tulilelewa tukidhani kwamba vijana wote walichomwa palipo na basilika, kumbe kuni kubwa ziliwashwa Nakiyanja, kwenye eneo hili la Waanglikana, na hapo Wakatoliki na Waanglikana waliungua pamoja katika moto mmoja. Papa Paulo VI aliwataja Waanglikana hao katika homilia yake ya mwaka 1964, na Papa Fransisko alipokuja alipita kwao pia. Kuna makumbusho yenye sanamu za ukubwa wa binadamu zinazoonyesha wafungwa wakiviringishwa ndani ya matete na kufungwa kama mizigo. Utaona vidole vya miguu vimetokeza upande mmoja wa mzigo na kichwa upande mwingine. Nilikuwa nimesikia habari hiyo tangu utoto nikiimba wimbo wa sikukuu yao, lakini sikuwahi kufikiri kwamba aliyefungwa hivyo hawezi hata kujikunja. Anayekuja na watoto wadogo atangulie kuwaandaa, kwa maana sanamu hizo hazifichi kitu. Mbaga Tuzinde alikuwa mwana wa kulea wa Mukajanga, mkuu wa wauaji, na masimulizi yanaeleza kwamba alipigwa shingoni kwanza kwa amri ya baba yake huyo ili asiusikie moto. Kijana wetu, ambaye huwa hanyamazi, hakusema neno mpaka tuliporudi barabarani.

Je, ni afadhali kwenda tarehe 3 Juni? Siwezi kumkataza mtu. Siku hiyo ni sikukuu ya kitaifa Uganda, mahujaji hutembea kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, wengine kwa majuma kadhaa, na kuimba pamoja nao ni furaha ambayo siku ya kawaida haikupi. Kila mwaka jimbo moja la Uganda hupewa jukumu la kuongoza maadhimisho, na kwaya hujiandaa vizuri mno. Lakini mimi katika safari ile ya kwanza sikuikaribia altare ya Lwanga. Nilikuwa mbali, nimesimama tangu alfajiri, nikiufuata umati. Zaidi ya hayo, mwandaaji wa safari yetu alikuwa ametutoza fedha za malazi na chakula cha siku tatu, kumbe malazi yalikuwa viti vya basi na chakula kilikuwa mlo mmoja kwa siku, na wazee wawili wakarudi nyumbani wakiwa na miguu iliyovimba. Anayetaka kwenda siku hiyo apate makubaliano ya maandishi, ajue jina la mahali atakapolala, na aende akiwa na afya ya kusimama saa nyingi. Mwenye mzee, mgonjwa au mtoto, na anayekwenda kwa ajili ya nia nzito inayohitaji kimya, achague mwezi mwingine. Mwishoni mwa Mei, kati ya tarehe 25 na 27, ndipo ningependa kurudi, ili tarehe za Munyonyo zikutane na miguu yetu.

Chakula hakina shida kwa watu wa upande wetu. Ndizi zao ni ndizi zetu, mchuzi wa karanga unapatikana kila kona, na rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, hushibisha mtu kwa fedha kidogo kabla ya safari. Vibanda vya nje ya lango huuza rozari, sanamu na vitu vilivyoshonwa kwa lubugo, nguo ya gome la mti. Tulinunua rozari nne, tukazibeba mpaka basilikani kwa padre azibariki, naye alituuliza tumetoka wapi. Aliposikia Mwanza, alitamka Bukumbi kabla yetu, akamshika Mwalimu mkono kwa mikono yake yote miwili.

Maji tuliyoteka tuliyagawa Jumapili katika jumuiya yetu. Mwalimu alichukua chupa ndogo akampelekea jirani yake Mwanglikana, akamwambia kwamba ametoka Nakiyanja pia.